Vishikwambi visitumike kufundishia kabla ya wiki ya tatu

Mhariri,

Kila Januari barua zinazoandikwa magazetini kuhusu teknolojia shuleni huomba jambo moja: vifaa zaidi. Waandishi wake wana haki, kwa kuwa Gredi ya 7 yenye wanafunzi 48 na vishikwambi 16 si ya kujivunia. Lakini katika shule nyingi hata vile 16 havipo. Vitano havishiki chaji, viwili vimepasuka vioo, kimoja hakuna anayejua kiliko, na vilivyosalia vimefungiwa kabatini kwa sababu mwalimu alijaribu mara mbili, kengele ikalia kabla hajaanza kufundisha. Ombi langu kwa walimu wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) na wakubwa wao ni kwamba katika wiki mbili za kwanza za Muhula wa Kwanza, vishikwambi visitumike kufundishia somo lolote. Siku hizo kumi zina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayoamua kama mwezi wa Machi kutakuwa na kifaa kinachowaka.

Kwanza ijulikane ufunguo wa kabati unakaa na nani. Vifaa vingi vya shule za umma vililetwa na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, vikilengwa Darasa la Kwanza. Januari 2023 Gredi ya 7 ikaanza, ikawekwa kwenye viwanja vya shule hizo hizo za msingi. Matokeo yake ni kabati moja, pande mbili, na kila upande unadhani mwingine ndio ulioharibu. Mzozo huu hautaisha kwa mikutano. Unaisha kwa karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, inayoonyesha siku na vipindi vya kila upande, nani anatia sahihi vikitoka, nani anatia vikirudi. Mwalimu mkuu aitie muhuri kabla shule hazijafunguliwa.

Kisha kuna kazi ya betri, na hii haisubiri wanafunzi. Mtu afike shuleni siku tatu kabla ya kufungua. Likizo ndefu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Januari, na vishikwambi vingi hurudishwa kabatini vikiwa tupu. Betri ya lithiamu iliyoachwa kwenye sufuri huendelea kupoteza nguvu kidogo kidogo hata kifaa kikiwa kimezimwa. Volti ya seli ikishuka mno, sakiti ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri hujifunga, na kifaa huonekana kimekufa. Wengi hukitupa kwenye kapu la vibovu papo hapo. Kichomeke kwenye chaja yake kwa muda wa saa tano au sita mfululizo, bila kubonyeza kitufe cha kuwasha kila baada ya dakika tano kuona kama kimefufuka, maana kila ukikibonyeza unakinyang'anya kile kidogo kilichoingia. Baadhi vitarudi. Ambavyo havitarudi, viandikwe na kutengwa.

Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Utaitambua kwa kulaza kishikwambi kwenye meza iliyonyooka: kikiyumba, au kioo kikiwa kimeanza kuachana na fremu, usikichaji tena hata kwa dakika moja, usikibonye kirudi, usimpe fundi wa mtaani akitoboe. Kiweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje ya jengo, mbali na wanafunzi, mpaka kipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachofanya kazi hiyo. Na ili Januari ijayo isiwe hivi, mwezi wa Novemba vifaa vichajiwe hadi nusu, kati ya asilimia 40 na 60, vizimwe kabisa, vikae mahali pakavu pasipo joto. Chumba kidogo chini ya mabati huku Pwani si mahali hapo.

Hapa niseme neno kuhusu stima, kwa kuwa hoja ya "vinamaliza tokeni" imetumiwa kuzuia kazi nyingi. Chaja ya kawaida ya kishikwambi hutoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Vishikwambi 40 vikichajiwa kwa pamoja ni wati 400 hivi, pasi ya nguo hula zaidi ya mara mbili ya hapo. Betri ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 18.5, kwa hivyo kujaza vyote 40 kutoka sufuri, ukihesabu na kinachopotea njiani, ni karibu yuniti moja ya stima.

Soketi ya ukutani ya ampea 13 inabeba mzigo huo bila kutoka jasho. Kinachoungua ni ekstensheni ya bei rahisi yenye midomo iliyolegea, hasa ikichomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na waya wake ukiwa umeviringishwa na kusukumwa nyuma ya kabati. Baada ya dakika 20 za kuchaji, gusa plagi kwa kiganja. Vuguvugu si neno. Ikiwa moto, ng'oa na ubadilishe. Milango ya kabati la chuma iwe wazi wakati wa kuchaji, joto litoke. Kwa kuwa kabati lililo wazi linahitaji mlinzi, chaji mchana wakati walimu wapo, si usiku. Na kwa kuwa stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, weka kile kifaa cha kulinda televisheni ambacho maduka ya umeme huuza kwa jina la TV guard. Kinachelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, na hiyo ndiyo kazi yake, kwa hivyo asije mtu akakitoa akidhani kimeharibika.

Tundu la chaja ndilo linalokufa mapema kuliko sehemu nyingine zote, hata kuliko kioo. Plagi ndogo za zamani za USB zina upande mmoja tu wa kuingia. Mtoto wa miaka 12 akiwa na haraka huzisukuma kwa upande wowote. Tia tone la rangi ya kucha nyeupe kwenye upande wa plagi unaopaswa kutazama juu, na tone jingine kwenye kishikwambi kando ya tundu. Nyeupe kwa nyeupe. Chupa moja inatosha shule nzima. Rangi hiyo hiyo itumike kuandika nambari mgongoni mwa kila kifaa, 01, 02, na kuendelea, kwa sababu wino wa kalamu ya alama hufutika vifaa vikipanguswa kwa spiriti. Chaja nayo ipewe nambari ya kifaa chake. Kwenye rejista, mkabala na kila nambari, andika ile nambari ndefu ya kiwandani iliyo mgongoni au kwenye mipangilio, kwa sababu kikiibwa na kupatikana, polisi hawatauliza rangi ya kucha.

Vifaa vikishawaka, kabla ya kulaumu mtandao, angalia tarehe. Kishikwambi ambacho betri yake iliisha kabisa huamka kikidhani ni mwaka wa zamani. Kurasa salama za intaneti huwa na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kinachoamini tuko miaka kumi nyuma huvikataa na kuonya kwamba muunganisho si salama. Walimu wengi hufika hapo, wakamwita fundi, fundi akafuta kila kitu na kuanza upya, kumbe kilichohitajika ni kurekebisha saa na kalenda.

Jingine la Januari ni masasisho. Programu zilizolala miezi miwili zote huamka na njaa. Vishikwambi 16 vikiunganishwa kwa waifai asubuhi moja na kila kimoja kikivuta megabaiti 500, gigabaiti 8 za bando zimekwenda kabla ya kipindi cha kwanza, na hakuna mwanafunzi aliyefungua ukurasa. Ingia kwenye duka la programu la kila kifaa, zima masasisho ya kujiendesha, kisha weka mtandao wa shule kuwa wenye kipimo, ili kifaa kijue kila megabaiti inalipiwa. Masasisho ya lazima yafanywe vifaa viwili viwili, alasiri, chini ya macho ya mtu.

Wanaotegemea simu ya mwalimu kugawa mtandao wajue kwamba simu nyingi hukubali vifaa vinane au kumi tu kwa wakati mmoja. Cha kumi na moja hukataliwa bila maelezo, na mwanafunzi aliyekishika huambiwa amekosea nywila. Ruta ndogo ya nyumbani huenda mbele kidogo, lakini nayo hulemewa video zikichezwa kwa pamoja darasa zima.

Kwa maoni yangu, Gredi ya 7 haihitaji intaneti ya moja kwa moja darasani karibu mwaka mzima. Inahitaji maudhui yaliyoshushwa mapema. Yale ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, yanapatikana kwenye jukwaa lake la Kenya Education Cloud, na mwalimu anaweza kuyatayarisha kabla ya kipindi. Kwa masomo ya jumla kuna Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyoundwa mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti. Unaiweka kwenye kipakatalishi kimoja, unaingiza masomo kutoka kwenye flashi, kisha vishikwambi vinakifikia kipakatalishi hicho kupitia ruta ambayo haina hata laini ya simu. Unaweza kuipanga ili mwanafunzi aingie kwa jina lake tu bila nywila, jambo linalookoa dakika nyingi kwa vidole visivyozoea kibodi.

Mambo matatu huiangusha, na yote hutokea mbele ya wanafunzi. Kipakatalishi hulala baada ya dakika kumi bila kuguswa, na vishikwambi vyote vikaganda kwa pamoja. Kwenye mipangilio ya umeme kiambie kisilale kikiwa kimechomekwa. Ukuta wa ulinzi wa Windows huuliza mara ya kwanza kama programu iruhusiwe. Mwalimu akibonyeza hapana kwa mazoea, hakuna kifaa kitakachoingia, naye atatafuta kosa kwenye ruta. Halafu anwani: ruta inaweza kukipa kipakatalishi anwani tofauti kila inapowashwa, kwa hivyo ile uliyoandika ubaoni Jumatatu haifanyi kazi Alhamisi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, ikihifadhie kipakatalishi anwani moja ya kudumu, kisha iandike kwa rangi juu ya ubao isifutwe, pamoja na ile 8080 ya mwishoni, nambari ya mlango wa Kolibri, ambayo kila mtu huisahau.

Akaunti za wanafunzi ni mtego ambao walimu wema hujitega wenyewe. Google hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti ya kawaida, na wanafunzi wengi wa Gredi ya 7 wana miaka 12. Basi darasa zima huambiwa libadilishe mwaka wa kuzaliwa. Mbali na kuwa tumeanza mwaka kwa kuwafundisha watoto kudanganya fomu, akaunti hizo huja kufungwa umri wa kweli ukijulikana, na kazi ya muhula ikafungiwa ndani. Zaidi ya hayo, nambari moja ya simu haithibitishi akaunti nyingi. Mwalimu atakwama kwenye mwanafunzi wa tano au wa sita. Njia iliyo safi ni shule kujisajili kwa huduma ya Google ya taasisi za elimu, ambayo toleo lake la msingi ni la bure kwa shule zinazokubaliwa, na mwalimu mmoja akawa msimamizi wa kufungua na kufunga akaunti. Asiyeweza hilo mwaka huu, atumie vishikwambi bila akaunti za wanafunzi. Inawezekana kabisa.

Wazazi nao waandikiwe, ukurasa mmoja, kwa lugha wanayoisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kwa hiyo barua iwe na visanduku viwili tofauti: kimoja cha mtoto kutumia kifaa, cha pili cha mtoto kupigwa picha. Kuna mzazi atakayekubali la kwanza na kukataa la pili, na hajakosea. Wala barua hiyo isitumiwe kupenyeza mchango wa "kutunza vishikwambi". Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikubali shule ya umma kutoza chochote bila idhini ya Waziri, wala mtoto kufukuzwa kwa kushindwa kulipa.

Sasa wanafunzi wamefika, na hapa ndipo siku kumi zinapoliwa. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 ana masomo tisa tangu mtaala upunguzwe mwaka 2024, na kwa siku anaweza kupita mikononi mwa walimu watano au sita. Mmoja akisema vifaa viwekwe juu ya dawati, wa pili aseme ndani, wa tatu asiseme lolote, hakuna kanuni. Walimu wote wa gredi wakae nusu saa kabla ya kufungua wakubaliane mwenendo mmoja, hadi maneno ya kuutamka. Somo la Pre-Tech (Pre-Technical Studies), ambalo sasa limebeba kompyuta na biashara, ndilo la kufanyia mazoezi, lakini kanuni ziwe za wote.

Mazoezi yafanywe kwa vitabu. Ndiyo, vitabu. Wape makundi yako vitabu vya kiada vilivyobandikwa nambari 01 hadi 16, wavichukue, wavitumie, wavirudishe kana kwamba ni vishikwambi. Kitabu kikianguka hakipasuki kioo, na mwendo wa miguu ni ule ule. Wanafunzi 48 hawaendi kabatini. Wanaenda wanne, kila mmoja na trei yenye vifaa vinne. Trei nzuri kuliko zote ni ile rafu ya waya ya kukaushia sahani. Kila kishikwambi husimama kwenye mfereji wake, nambari imebandikwa mbele, na mfereji mtupu unaonekana toka mlangoni. Mbebaji anasimama mwanzo wa safu, anatoa kwa mkono, hapitishi nyuma kwa nyuma. Lengo ni dakika tatu kutoka kabatini hadi dawati la mwisho, na dakika nne kurudisha, kwa kuwa wakati wa kurudisha kila nambari husomwa kwa sauti na mwenye rejista akaitikia. Pima kwa saa ya simu. Darasa likichukua dakika tisa siku ya kwanza, hiyo ni kawaida. Lisikabidhiwe kifaa hata kimoja mpaka lifike tatu.

Kwa nini ubahili huu wa dakika? Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Toa saba za kugawa na kukusanya, toa tatu za kuwaka, toa tano za maelekezo, umebaki na 25. Asiyefanya mazoezi hubaki na kumi, na mwenye kumi huona afadhali chaki. Msaidie mtunga ratiba: omba kipindi cha vifaa kiwe mara baada ya mapumziko, wabebaji watoe trei wenzao wakiwa bado uani.

Juu ya kila dawati kuwe na daftari wazi, kishikwambi kikae juu yake. Madawati yetu yana mchanga na vumbi la chaki, na amri muhimu kuliko zote ni "Funika", inayomaanisha kioo kitazame chini, mikono juu ya meza, macho kwa mwalimu. Bila daftari, kila "Funika" ni msasa. Itoe amri hiyo mara moja tu kwa sauti ya kawaida, kisha usubiri kimya hadi kundi la mwisho litii. Ukianza kufundisha juu ya sauti za wawili waliobaki, kufikia Februari utakuwa unafundisha juu ya sauti za ishirini.

Kundi la watatu lina kazi tatu: mwenye kushika kifaa, mwenye kusoma kwa sauti, mwenye kuandika kwenye daftari. Kazi hubadilika kila kipindi kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Pasipo orodha, mtoto ambaye nyumbani kuna simu ya kupangusa ndiye atakayekishika kuanzia Januari hadi Novemba, na yule aliyehitaji zaidi atakuwa mtazamaji. Walimu hulitaja hili kama suala la nidhamu. Mimi naliona ni suala la haki.

Teua viranja wa vifaa wawili, mvulana na msichana, wafunzwe mambo manne tu: kurekebisha tarehe, kuongeza mwanga wa kioo, kuunganisha upya mtandao, na kubana kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hadi kumi na tano kifaa kikiganda. Manne hayo humaliza sehemu kubwa ya "Mwalimu, changu kimekataa". Yaliyobaki yaandikwe kwenye karatasi ndogo yenye nambari ya kifaa, tarehe na kilichoonekana. Kiranja asiandike "hakifanyi kazi". Aandike: "Kinawaka, nembo inatokea, kisha kinazima, kikiwa kwenye chaja hakizimi." Sentensi ya namna hiyo humwambia fundi kuwa ni betri kabla hajafungua skrubu hata moja.

Projekta haitaki maneno mengi. Isizimwe kwa kung'oa waya. Ile ya taa hutaka feni yake izunguke hadi ipoe, la sivyo taa hufa mapema, na taa ndiyo ghali. Chujio la vumbi lisafishwe mwanzoni mwa kila muhula. Picha ikikosa kutoka kwenye kipakatalishi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili skrini. Darasa lisilo na pazia, usihangaike nayo baada ya saa nne asubuhi.

Mafaili ya mwalimu yanahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyoupa. Katika kumpangia mwanafunzi sekondari ya juu, mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hubeba asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 zilizobaki. Alama unayompa mtoto mwaka huu inaweza kuulizwa miaka miwili baadaye. Tengeneza folda wiki ya kwanza: mwaka, gredi, mkondo, somo, tathmini. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ndipo yajipange yenyewe. Nakala moja ikae kwenye kipakatalishi, ya pili kwenye flashi inayofungiwa ofisini, na alama zipakiwe kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC, mara inapofunguliwa. Siku mbili za mwisho hubanwa na nchi nzima.

Hiyo flashi ya ofisini isiende saiba. Kuna virusi vya zamani ambavyo huficha mafaili yote na kuacha vijialama vya njia ya mkato, na walimu wengi wakiona hivyo huiumbiza flashi upya wakidhani kazi imepotea. Kazi ipo, imefichwa. Baada ya kusafisha kwa programu ya kuua virusi, fungua dirisha la amri la Windows, andika attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya flashi, kwa mfano E:\*.*, na mafaili yatajitokeza.

Nimalizie kwa wakaguzi na maafisa wa mtaala, ambao huja wiki ya kwanza au ya pili na kuuliza ni vipindi vingapi vimefundishwa kwa teknolojia. Swali hilo ndilo linalowafanya walimu wakuu watoe vifaa nusu-chaji, wapige picha, watume kwenye kundi la WhatsApp, kisha wavirudishe kabatini hadi ziara ijayo. Njooni wiki ya sita. Msiombe kuonyeshwa somo. Ombeni rejista mlinganishe nambari tano na vifaa vyenyewe, fungueni kabati mhesabu vinavyowaka, kisha mwambieni mwalimu agawe vishikwambi kwa darasa, nanyi mkiwa na saa mkononi. Zikizidi dakika tano, shule hiyo isiongezewe vifaa muhula huo. Iongezewe siku za mazoezi.

Mwalimu wa Pre-Tech,
Kaunti ya Kilifi